Mbuyu, Nguzo na Karabai: Mandhari ya Jukwaa Katika Tamthilia Zetu

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi kuisoma tamthilia kama isomwavyo riwaya. Mwalimu akiulizwa kwa nini haiigizwi, hujibu kwamba shule haina ukumbi, pazia wala taa za jukwaani. Jibu hili limejengwa juu ya dhana tuliyorithi kwa wakoloni, kwamba jukwaa ni sanduku lililo wazi upande mmoja, na kwamba mandhari hubadilika pazia likiisha kufungwa. Tamthilia zetu zenyewe zaikanusha dhana hiyo.

Tuitazame Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein. Twakutana kwanza na Shetani na Binadamu penye mbuyu. Kisha twatambua kuwa hao ni Juma na Kitaru, vijana marafiki, wakicheza mchezo. Mahali pamegeuka, na kilichopageuza ni mwili na sauti ya mwigizaji. Msanii atakayechonga mbuyu kamili, tawi kwa tawi, atahangaika namna ya kuuondoa. Atakayeweka gogo moja amepata mbuyu, na baadaye amepata kiti cha sebuleni. Tena, gogo lile likibaki kivulini wakati Kitaru anapougua, mtazamaji ataelewa bila kuambiwa kwamba Shetani hajaondoka.

Hata hivyo, si kila kifaa chaweza kupuuzwa. Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo. Hapa mandhari ndiyo tendo lenyewe. Nguzo ya karatasi, inyanyuliwayo kwa mkono mmoja, huidhulumu tamthilia. Sharti uzito wake uonekane mabegani na katika pumzi za waigizaji.

Na mwanga je? Chukua uwanja wa shule huko Chitete, wilayani Momba. Mchezo ukianza jua likielekea kuzama, mchana utageuka giza kwa muda usiofika nusu saa. Mwelekezi mwerevu atapanga onyesho la huzuni liangukie hapo. Jua halimsubiri mtu, kwa hiyo mazoezi nayo yafanywe saa ile ile. Giza likiingia, karabai iliyowekwa chini mbele ya mwigizaji hukuza kivuli chake ukutani kikawa jitu. Ikiinuliwa, hufichua uso. Ikikingwa kwa debe upande mmoja, huangaza anayesema na kumficha anayenyamaza.

Hatusemi kwamba umeme hauna faida. Taa za umeme hufifishwa na kurudishwa polepole kwa namna ambayo karabai haiwezi. Lakini taa mia moja hazitamsaidia asiyejua anataka mtazamaji aone nini. Swali hilo mwanafunzi aweza kulijibu leo, akiwa na kitabu, gogo na uwanja. Tamthilia ambayo haijapata kusimamishwa mbele ya watu imesomwa nusu tu.