"Kidole Hakisomi": Uhakiki wa Lugha ya Alama za Vidole

Tangu simu za mkononi zianze kufunguliwa kwa kuguswa tu, Kiswahili kimepata msamiati ambao sehemu yake kubwa haikuanzia katika kamati za istilahi. Umezaliwa vibandani mwa mafundi simu na kwenye meza za mawakala wa laini, kisha ukaingia katika matangazo ya ofisi. Katika toleo hili tumeonelea tuuhakiki jinsi unavyohusu watu wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, mahali ambapo kidole cha mfanyakazi na mashine inayokisoma havipatani kila mara.

Tuanze na jina la kifaa chenyewe. Katika menyu za Kiswahili za simu zitumiazo mfumo wa Android twakuta nenosiri, mchoro na alama ya kidole zikitajwa kuwa njia za kufungulia simu. Maneno haya ni mafupi, yaeleweka, na yamefuata kanuni za lugha. Mitaani husemwa "fingaprinti", na maofisini "skana ya vidole". Neno fingaprinti halina madhara. Ni mgeni tu ambaye mwenyeji wake tayari yupo. Linalopotosha ni skana. Skana ya ofisini hunakili karatasi na kuhifadhi picha yake. Kifaa cha simu kwa kawaida hakihifadhi picha ya kidole. Hupima matuta na mabonde ya ngozi kwa tofauti ndogo za umeme, kwa mwanga, au kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, kisha vipimo hivyo hugeuzwa kuwa tarakimu zinazotunzwa ndani ya simu yenyewe. Kidole kikirudi, tarakimu mpya hulinganishwa na zile za awali. Kazi yake, basi, ni kutambua, na jina kitambuzi cha alama ya kidole lakifaa zaidi.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa hushika nyundo, tindo na sururu, hulisha mawe kwenye makarasha na kuosha mchanga kwenye mialo. Ngozi ya ncha za vidole vyao husuguliwa hata matuta yake yakafifia. Mkulima wa pamba wa Kishapu aweza kupatwa na hali hiyo hiyo, na wazee kadhalika. Mtu wa namna hii akigusa kitambuzi kisimtambue, huambiwa: "Kidole hakisomi," au "Kidole kimekataa."

Hatudai kwamba kauli hii ni kosa la sarufi. Kiswahili huruhusu kitu kisichotenda kishike nafasi ya mtenda: twasema chumba kinalala watu wanne, na mafundi husema memori kadi haisomi, au salio halijasoma. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini ofisi inapoichukua kauli hiyo na kumjibu nayo mwananchi, sarufi huwa imetoa hukumu. Kidole si msomaji. Kidole ni kisomwa, na msomaji ni mashine. Anayesema "kidole hakisomi" amekwisha kuiweka kasoro katika mwili wa mwananchi, na mwananchi atainuka aende zake. Anayesema "mashine haikuisoma alama" ameiacha kasoro mezani, mbele ya mtumishi, naye atalazimika kujaribu kidole kingine, kufuta vumbi kwenye kioo, au kutafuta njia nyingine. Vilevile si kweli kusema kwamba mchimbaji "hana alama". Mpangilio wa matuta umejengeka katika tabaka la ndani la ngozi. Mikono ikipumzika, kwa kawaida hurudi kuonekana. Alama zimefifia, hazikufutika.

Tofauti hii ingekuwa ndogo lau ingehusu kufungua simu peke yake, kwa kuwa simu iliyoshindwa kumtambua mwenyewe hufunguliwa kwa namba ya siri. Lakini kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, zikilinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Siku ya mwisho, iliyokuwa imepangwa kuwa 31 Desemba 2019, ilisogezwa hadi 20 Januari 2020. Laini isiyosajiliwa hivyo ilikuwa ya kuzimwa. Na kwa watu wengi, laini ndiyo mkoba wa fedha.

Jambo la tatu ni agizo "weka dole". Hapo zamani dole gumba lilikuwa saini ya asiyejua kuandika. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni zilizofuata, kuacha dole na kuandika jina lako kulikuwa fahari. Leo dole limerudi kwa heshima mpya, lakini limebebeshwa kazi tatu. Anayefungua simu yake hampi mtu kitu. Alama yake haitoki ndani ya simu. Anayejisajili kwa wakala anaipeleka alama yake ikathibitishwe katika kumbukumbu za taifa. Anayetia dole kwenye mkataba wa kugawana mapato ya duara anaridhia masharti. Vitendo vitatu, agizo moja. Mtu aliyezoea kugusa simu yake kutwa bila kufikiri, akiambiwa "weka dole tena, halijasoma", ataliweka. Na wakala asiye mwaminifu aweza kusajili laini ya pili kwa jina lake. Kwa sababu hiyo wananchi wamekuwa wakihimizwa kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba zao za kitambulisho.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Kwanza, kitambuzi cha alama ya kidole kitumike badala ya skana kwa kifaa cha simu. Pili, kufungua kwa alama ya kidole kusemwe kwa ukamilifu, maana kufungua simu peke yake kwa fundi ni kuitenganisha kwa bisibisi. Tatu, katika usajili mwananchi aambiwe kuthibitisha utambulisho, na katika mikataba kutia dole gumba kuridhia. Nne, matangazo na majibu ya ofisi yaseme alama haikusomeka au mashine haikuisoma alama, wala si "kidole kimekataa".

Twajua kwamba maneno ya mitaani hayaongozwi kwa amri, wala hatukusudii kumsahihisha fundi wa Katoro au Kahama kibandani mwake. Wito wetu ni kwa mtafsiri aandikaye menyu, mwalimu afundishaye kauli za vitenzi, na mtumishi akaaye nyuma ya mashine. Wenye mapendekezo bora zaidi twawakaribisha wayalete.