Swali la Mzaha, Jibu la Hesabu

Kitabu cha Randall Munroe kiitwacho What If?, kilichotoka mwaka 2014, si kitabu cha dini. Tunakizungumzia humu kwa sababu ya namna kinavyompokea mtu anayeuliza. Munroe ni Mmarekani aliyesomea fizikia, akafanya kazi NASA, kisha akageukia kuchora katuni. Watu humpelekea maswali ya ajabu, naye huyajibu kwa fizikia ileile inayorusha roketi.

Chukueni swali hili: watu wote duniani wakikusanyika mahali pamoja na kuruka kwa mpigo mmoja, dunia itatikisika? Wengi wetu tungesema, acha upuuzi. Munroe anawakusanya wote Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote ya Marekani, halafu anapiga hesabu. Dunia inatuzidi uzito sisi sote zaidi ya mara trilioni kumi. Tukiruka nusu mita, yenyewe inasogea chini ya unene wa atomu moja. Jibu limekwisha, lakini mwandishi haondoki. Anataka kujua watu hao watarudije makwao. Simu hazishiki, barabara zimeziba, uwanja wa ndege umelemewa. Mabilioni wanafia hukohuko.

Hapo kitabu kinatufaa, na hapohapo kinatukera. Kinatufaa kwa kuwa swali la kuruka limegeuka kuwa swali la watu waliokwama mbali na nyumbani. Kinatukera kwa kuwa watu hao wanazikwa kwa aya chache, kwa sauti ileile ya utani. Katika sura ya pili mpira wa besiboli unarushwa kwa asilimia 90 ya kasi ya mwanga. Hewa iliyo mbele yake haiwahi kupisha, atomu zinagongana na kuungana, na mji unateketea. Kichekesho cha mwisho ni kanuni ya mchezo: aliyekuwa akingoja kuupiga mpira huo anahesabiwa amegongwa, basi aende kituo cha kwanza. Tulicheka, kweli. Ila wafu wa kitabu hiki hawana jina wala mama, na kijana anayekisoma aweza kuzoea kuhesabu watu kama kokoto. Kwa hilo tunampunguzia maksi.

Hatumpunguzii kwa kujibu. Masadukayo katika Mathayo 22 walimletea Yesu swali la kubuni: mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani? Lilikuwa swali la dhihaka, tena la mtego. Yesu aliwaambia wamepotoka, kisha akawajibu, na hoja yake akaitoa katika Torati ambayo wao wenyewe waliikubali. Augustino naye, katika Maungamo, anataja jibu la mtu aliyeulizwa Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi: alikuwa akiwaandalia wadadisi jehanamu. Augustino analikataa jibu hilo. Afadhali, kwake, kukiri kwamba hajui kuliko kumfanya muulizaji kichekesho.

Sasa tutazame shule zetu za Jumapili. Mtoto anauliza: je, samaki nao walikufa katika gharika ya Nuhu? Mara nyingi huambiwa anyamaze, asimjaribu Mungu. Kumbe swali lake lina nyama. Samaki wengi wa maji baridi hawastahimili chumvi ya bahari, na wengi wa baharini hawawezi kuishi mtoni. Mwalimu angefungua naye Mwanzo 7:22, waone kwamba waliotajwa kufa ni wa nchi kavu, kisha wazungumze habari ya chumvi. Dakika kumi zingetosha. Akishafika darasa la kipaimara hatuulizi tena. Anayo simu, na huko hakuna anayemnyamazisha.

Kitabu ni cha Kiingereza. Kwa walimu wanaokisoma, sura ya kuruka inatosha kuanzia. Ya besiboli waiache kwanza.