Mota Iliyofundishwa Kulegea

Mota chache hupata mtihani mgumu kuliko ile ya mtambo wa kubana chuma kwa rola. Donge jekundu likiingia kati ya rola, mzigo hupanda ghafla. Likitoka, mzigo hutoweka, kisha rola hugeuzwa ili donge lirudi kubanwa tena. Mwanzoni mwa karne ya 20, injini za mvuke ndizo zilizoifanya kazi hiyo. Mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye gridi ndogo za wakati ule ingeyumbisha volti kila donge linapoingia.

Ufumbuzi ulipatikana kwa hatua mbili. Mwaka 1891, Mmarekani Harry Ward Leonard alionyesha jinsi ya kuilisha mota ya DC kwa jenereta yake pekee: ukiongeza, ukipunguza au ukigeuza usumaku wa jenereta, mota hufuata. Baadaye mhandisi Mjerumani Karl Ilgner alifunga flaiwili nzito, yaani gurudumu linalohifadhi nishati linapozunguka, kwenye shafti ya jenereta hiyo, iliyozungushwa na mota ya AC. Mwaka 1906 mfumo huo ulikuwa ukiendesha rola huko Třinec, leo Jamhuri ya Cheki.

Lakini uzito wa flaiwili peke yake hautoshi, kwa sababu flaiwili hutoa nishati pale tu kasi yake inaposhuka. Mota ya AC ikiachwa ilivyo hung'ang'ania kasi: ikipungua kidogo tu, huvuta umeme mwingi kutoka gridini, na flaiwili haipati nafasi ya kusaidia. Kwa hiyo waya za rota ziliunganishwa na ukinzani unaojirekebisha. Mkondo ukizidi kiwango kilichowekwa, ukinzani huongezeka, mota hulegea, na flaiwili hubeba mzigo. Nishati yake hutegemea kipeo cha pili cha kasi, hivyo kasi ikishuka kwa asilimia 15, karibu asilimia 28 ya nishati hutoka. Donge likipita, ukinzani hupungua na flaiwili huongezwa kasi taratibu. Gharama ya mbinu hii ni joto linalopotea kwenye ukinzani.

Kanuni hii bado inafanya kazi katika presi za kukata na kukunja bati. Ukiifungia presi ya flaiwili mota inayong'ang'ania kasi, mota itachemka huku flaiwili ikizunguka bila kusaidia. Anayechagua mota aanze kwa kuuliza ni kifaa gani kitakachoubeba mshtuko wa mzigo, kisha akipe nafasi ya kuubeba.