Neno Rubani na Mafundisho ya Kazi

Uliza katika darasa lo lote la kisiwa cha Mombasa ni nani atakaye kuwa rubani, na mikono mingi itainuka. Uliza tena rubani hufanya kazi wapi, na wote watakuonyesha mbingu. Jibu lao ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Neno hili lilikuwa la bahari kabla halijawa la anga. Rubani alikuwa mtu ajuaye njia za maji, miamba na mafungu, akakiongoza chombo mpaka kikatia nanga salama. Mtu wa kazi hiyo ndiye aliyepatikana Malindi mwaka 1498, akamfikisha Vasco da Gama Calicut, Bara Hindi. Wala kazi yenyewe haikufa pamoja na zama za majahazi. Hata leo meli kubwa ya makontena haipiti mkono wa bahari wa Likoni kuingia Kilindini ila rubani wa bandari amepanda na kusimama karibu na nahodha, akimwelekeza. Toka Mji wa Kale mpaka Kilindini ni mwendo wa miguu usiofika saa mbili. Imekuwaje basi, msomaji, mtoto aliyezaliwa baina ya bandari mbili aijue kazi ya anga, asiijue ya maji, ambayo lugha yake mwenyewe iliitia jina?

Siulizi kwa kumcheka mtoto. Lawama ni ya mafundisho ya kazi katika shule zetu, nami nataka kuyapima kama mhakiki apimavyo kitabu: kwa yaliyomo na kwa yaliyoachwa.

Aghalabu mafundisho hayo ni siku moja kwa mwaka. Huja wageni wanne au watano: daktari, mwanasheria, mhandisi, mtu wa benki. Kila mmoja husimama, akataja cheo chake, akataja alama zilizomwingiza chuoni, akawahimiza wanafunzi wafanye bidii, akapigiwa makofi. Sizibezi kazi hizo. Nchi haiwezi kukaa bila ya wenye kuzifanya. Lakini hotuba za namna hii hueleza mlango, haziielezi nyumba. Mwanafunzi hutoka akijua alama zitakiwazo kwa udaktari, asijue daktari hufanya nini saa tisa ya usiku, wala ni watu gani wengine wako kazini saa hiyo hiyo ili daktari aweze kutibu. Na seremala wa Mji wa Kale, achongaye nakshi za milango, haalikwi kabisa. Hana ofisi ya kupelekewa barua.

Kosa hili zamani lilikuwa na nafuu, kwa kuwa uchaguzi uliweza kungoja mwisho wa kidato cha nne. Sasa hali imebadilika. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja alipaswa kuwa ameshika njia moja katika tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Uchaguzi huo hufanywa katika Gredi ya 9, na mtoto wa miaka kumi na mitano. Mtoto huyo anatakiwa kuchagua njia wakati ambapo mwisho wa njia hajaonyeshwa.

Tena kisiwa hiki ni kitabu kilichofunuliwa. Chukua mfano mmoja. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu ilipokuwa imezingirwa, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele yake. Katika miaka ya 1970 ikachimbuliwa chini ya maji, na vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho la ngome hiyo. Wanafunzi huletwa kuvitazama, wakaambiwa mwaka na jina la meli, wakarudi shuleni. Hawaambiwi kwamba kazi kama ile huwataka wapiga mbizi, wachoraji, wanaakiolojia, wataalamu wa kutibu mbao zilizokaa maji ya chumvi karne nyingi, na wasomi wa kusoma hati za kale za Kireno. Meli moja iliyozama ingetosha somo la muhula mzima, na hapana njia hata moja katika zile tatu isiyopita humo.

Mji huu uliwahi kuwa na fikira pana zaidi. Chuo kilichojulikana kwa jina la MIOME kilianza kufundisha Tudor mwaka 1951, kikiwa cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Jina limepanda, nami nafurahi. Ila nachelea kuwa tumelisikia zaidi neno chuo kikuu kuliko neno ufundi.

Pengine mtasema kazi za bandari ni chache, tena hazina hakika. Ni kweli. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 watu waliandamana mjini Mombasa wakilalamika kuwa shehena inapita moja kwa moja hadi Nairobi, na malori na maghala yao yanabaki bure. Hili nalo lingefaa kufundishwa. Ni nadra kusikia mgeni wa siku ya kazi akisema kuwa kazi yake ni mgonjwa.

Elizabeth Marami, ajulikanaye kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli, alikwenda Misri kusomea kazi ya bahari. Mwalimu angeweza kuanzia hapo. Alihitaji masomo gani? Mtu hukaa baharini muda gani kabla ya kuaminiwa meli ya wengine? Na rubani apandapo ngazi ya kamba ubavuni mwa meli, mawimbi yakimtikisa, hutazama chini au juu? Ukikutana na mtu wa kazi yo yote, mwulize maswali ya namna hiyo kwanza, na lile la alama uliweke mwisho.