Kipya Kinyemi: Juu ya Sura za Kete

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Yafaa, msomaji, tuupime usemi huo kwa jambo ambalo huenda ukaliona dogo: sura za kete katika sataranji ichezwayo kwa kompyuta.

Kila mara wenye tovuti za mchezo huo wabadilishapo sura ya ubao, wachezaji hunung'unika. Husema kwamba kete hazitambulikani, na kwamba rangi zaumiza macho. Wenye tovuti hujibu kuwa hayo ni mazoea tu, nayo yatapita. Je, ni nani mwenye haki?

Tutazame mchezo uitwao Crazyhouse. Sheria zake ni za sataranji, ila kete iliyotekwa haifi. Hugeuka rangi ikawa akiba ya aliyeiteka, naye aweza kuitia katika mraba ulio wazi badala ya kusogeza kete nyingine. Tena, askari aliyepandishwa cheo akawa malkia, akitekwa hurudi kuwa askari. Basi mchezaji hana budi kuangalia ubao na akiba kwa pamoja, na mara nyingi saa humpa dakika chache tu. Akiba ikisukumwa pembeni, au malkia wa asili asipopambanuka na askari aliyevikwa taji, mtu ajuaye kucheza atashindwa kwa kuwa hakuona. Hapo sura si pambo, bali ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Wajapani walilitambua jambo hilo zamani. Katika shogi pia, kete iliyotekwa hurudi ubaoni kumtumikia aliyeiteka. Kwa hiyo kete zote zina rangi moja, nazo zimechongwa ncha: ncha ikikuelekea wewe, ujue kete hiyo ni ya adui. Ikipanda cheo, hupinduliwa ionyeshe maandishi mengine. Aliyezibuni alianza na haja ya mchezaji, ndipo akachonga.

Hata hivyo, si kila nung'uniko ni la haki. Kete za mtindo wa Staunton, zitumiwazo leo katika mashindano, zilikuwa ngeni mwaka 1849, Nathaniel Cooke aliposajili umbo lake, na John Jaques wa London akaanza kuziuza. Lau watu wangalikataa kila kipya, tusingalikuwa nazo.

Lakini uzuri wa wazo hautoshi. Mnamo 1923, Josef Hartwig wa chuo cha Bauhaus, Ujerumani, alibuni kete zionyeshazo mwendo wake: ngome ni mchemraba, na askofu ni msalaba wa mshazari. Zasifiwa hadi leo, ila hazikuziondoa zile za Staunton. Nadhani sababu ni kwamba mchezaji hodari hasomi kete moja moja. Mwaka 1973, Wamarekani William Chase na Herbert Simon walionyesha kwamba bingwa akitazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano, hukumbuka mahali pa kete nyingi kuliko mwanafunzi. Bali kete zikitawanywa ovyo, hamzidi sana. Jicho lake limezoea mafungu ya kete. Ukizibadilisha sura ghafula, wamrudisha kwenye irabu.

Kwa hiyo nawalaumu wenye tovuti wanaobadilisha kila kitu kwa usiku mmoja. Mwenye kete za mti akichukizwa na mpya, hutumia zake za zamani. Mchezaji wa kompyuta hana kimbilio asipopewa. Lichess, tovuti iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, humwachia mchezaji achague sura ya kete na ya ubao. Huo ndio uungwana.

Nawe, msomaji, ukiletewa kipya, kitumie siku kadhaa kabla ya kukihukumu. Kisha usiseme tu kwamba hukipendi. Taja kile ambacho ulikuwa ukikiona na sasa hukioni. Lalamiko la namna hiyo halijibiwi kwa neno "mazoea".