Ovari Si Mshikaki

Video ya Jumamosi ilionyesha upasuaji wa laparoskopi wa vifuko vya endometriosi kwenye ovari. Naanzia dakika ya 19, bipola, koleo la kuchoma kwa umeme, ilipoingia mahali palipotaka uzi.

Hadi hapo kazi ilikuwa safi. Mashikamano yalifunguliwa, chokoleti, yaani damu nzito ya zamani, ikanyonywa, ganda la kifuko likavuliwa taratibu.

Kisha ganda likagoma kwenye shina la ovari, mishipa inapoingilia. Likavutwa, damu ikachuruzika. Kuchuruzika tu, haikuruka. Daktari akabana, akachoma. Akasogea kando, akachoma tena. Nyama ikageuka nyeupe, ikawa kahawia, moshi ukaziba kamera, na mguu bado uko kwenye pedali. Nilihesabu mara saba. Mgonjwa ana miaka 31, vifuko pande zote mbili, na alichofuata hospitalini ni mtoto. Chini ya weupe ule ndipo yalipolala mayai aliyozaliwa nayo, na mengine hayaji. Damu ile ilitaka maji ya kuonyesha inakotoka, gozi ya kubana, kisha uzi mmoja au miwili kwa ndani. Madaktari wa upasuaji akina Victor Gomel wa Vancouver walifundisha hivyo tangu miaka ya 1970: maji, uzi mwembamba, mkono mwepesi, moto kwa nukta. Sisi tuna kamera za kisasa na mikono ya wachoma nyama. Mwaka jana nilipoandika haya niliitwa fundi cherehani. Nimelipokea jina.

Na AMH, kipimo cha damu cha akiba ya mayai, wimbo wangu wa zamani? Haikupimwa kabla. Daktari alipoulizwa, alijibu kwamba hedhi ya mgonjwa haijakosea tarehe. Jamani! Duka hufunguliwa kila asubuhi hata rafu ikibaki na sabuni mbili. Angepima, mama angeweza kushauriwa kugandisha mayai kwanza.

Sisemi ganda libaki. Kulitoa hupunguza uvimbe kurudi, na huwapa wengi nafasi nzuri zaidi ya kushika mimba wenyewe kuliko kutoboa na kuchoma. Kama safari ni ya IVF, mwongozo wa 2022 wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya uzazi wa binadamu na embriolojia, haupendekezi kukimbilia kisu kwa mazoea. Lakini ukishaamua kukata, linda unachokiacha.

Daktari Patrick Steptoe alichukua yai moja tu kwa laparoskopi, na Julai 1978 akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF. Moja. Bipola ile ilishuka mara saba.