Methani si ‘hewa chafu’

Kuna mazoea katika habari zetu ambayo mimi siyakubali: kuiita methani ‘hewa chafu’. Neno ‘chafu’ halipimi kitu, linahukumu tu. Moshi wa matatu tunauita hivyo, na uvundo wa jaa vilevile. Methani haina rangi wala harufu. Ngamia na ng’ombe wa Garissa, Wajir na Mandera huitoa kinywani wanapocheua. Sasa mfugaji akisikia redioni kwamba mifugo wake ‘wanachafua hewa’, atajibu nini, jamani?

Wanasayansi wenyewe hupima. Satelaiti ya MERLIN, mradi wa Ufaransa na Ujerumani, imebuniwa irushe ardhini miale miwili ya leza: mmoja humezwa na methani, wa pili haumezwi sana. Tofauti ya mwanga unaorudi ndiyo kipimo. Kwa hiyo kusema satelaiti hiyo ‘inapiga picha’ gesi pia si sahihi.

Ndege za utafiti hupima mvuke wa maji kwa mbinu iyo hiyo. Huo nao tusiuite ‘ukungu’. Ukungu ni matone na unaonekana. Mvuke hauonekani, lakini ndio unaozaa mvua. Garissa, iliyokosa mvua misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, kisha ikafurika mwishoni mwa 2023, inastahili kuelezwa tofauti hiyo.

Hebu wanahabari waseme ‘methani’, kisha wataje kiasi. Kiasi mfugaji anaweza kukihoji. Tusi atalinyamazia au aligombee.